Mluhya wa Webuye na Mtoto wa Kihoto: Majina ya Makundi katika Elimu ya Jeni

Makala haya yanahakiki maneno, si maabara. Mwandishi si mtaalamu wa jeni. Lakini majina ambayo wataalamu hao huyapa makundi ya watu yametoka, kwa sehemu kubwa, katika ghala letu sisi wanaisimu. Hatuna budi kuuliza yanatumiwaje huko yalikokwenda.

Mradi wa kimataifa wa Jenomu 1000, ambao matokeo ya awamu yake ya tatu yalitangazwa mwaka 2015, ulichunguza watu 2,504 wa makundi 26. Afrika Mashariki nzima iliwakilishwa na kundi moja tu: watu 99 walioandikwa “Waluhya wa Webuye, Kenya”. Waliolitunga jina hilo walifanya busara kutaja mahali, na wahifadhi wa sampuli wamewasihi watafiti wasilifupishe. Hata hivyo hufupishwa. Kwanza hudondoka Webuye, wakabaki “Waluhya”. Kisha nao hudondoka, wakabaki “Waafrika Mashariki”. Hivyo watu 99 husimama badala ya Waluhya 6,823,842 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, na hatimaye badala yetu sote.

Na Mluhya ni nani? Jina hili lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, kwa juhudi za kisiasa za wenyeji waliotaka kuziunganisha jamii za Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga, Wasamia na nyinginezo. Wabukusu, ambao ndio wenyeji wa Webuye, wageni waliwaita Kitosh. Jina la Mluhya basi ni la haki, kwa kuwa wenyewe walilichagua. Lakini ni jina la mshikamano, wala si cheti cha nasaba.

Kiingereza huyavua majina haya viambishi: “Luhya”, “Maasai”, “Bantu”. Je, ni mtu, lugha, au nchi? Kiswahili hakimpi mwandishi nafasi ya kujificha hivyo. Hana budi kuchagua: Mmasai, Kimasai au Umasaini. Hiyo ni faida kubwa ya kisayansi, nasi tunaichezea. Tazama neno “Wabantu”. Karne ya 19 Bleek aliipa familia ya lugha jina la Bantu. Sisi tukaliongezea wa-, ilhali ba- ya wingi imo ndani tayari, tukapata taifa zima la watu kwa kosa la ngeli. Sasa twasoma habari za “jeni za Kibantu”, kana kwamba jeni husema.

Walioainisha vyombo vya kale walionywa vivyo hivyo. Mwaka 2019 Prendergast na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, baadhi yao wakiwa wa Njoro na Naivasha. Wafugaji wa kale waliogawanywa kwa zana zao, wengine wakapewa jina la Elmenteita, hawakutofautiana kwa jeni.

Kutoka ziwa Elmenteita hadi Kihoto si mbali. Mtaa huu wa Naivasha, uliofurikwa na ziwa mwaka 2020 na tena 2025, hukaliwa na watu waliotoka pande nyingi, wengi kwa ajili ya kazi za mashamba ya maua. (Jina lenyewe kwa Kikuyu lina maana ya hoja, au haki.) Tuseme mtoto amezaliwa hapo, mama akiwa Mbukusu wa Webuye, baba Mkikuyu wa Nyeri. Fomu inauliza: “Kabila?” Mji huu uliona watu wakiuawa kwa ajili ya jibu la swali hilo Januari 2008, mama anajibu kwa sauti ya chini, na mtoto anaandikwa Mkikuyu. Lakini chembe ya selimundu hufuata nchi zilizozoea malaria, yaani bonde la Ziwa Viktoria na pwani, haifuati jina la baba. Daktari anayeliamini neno lile moja aweza asiushuku ugonjwa huo, hasa akidhani kuwa ni wa watu wa magharibi tu.

Mwaka 2023 kamati ya Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani iliwataka watafiti waeleze sababu za kila jina walitumialo. Ni ushauri mwema, ila mimi ningeanzia chini zaidi, kwenye fomu. Badala ya “Kabila”, iulize bibi na babu, wa kuumeni na wa kukeni, walizaliwa wapi, na nyumbani kwao walisema lugha gani. Mistari minne yatosha.