Ayubu Hakunyamaza

Kwenye matanga ya huku kwetu, Kitabu cha Ayubu kina sura moja tu. Ni ile ya kwanza, ambapo mtu amepoteza mifugo, watumishi na watoto 10 kwa siku moja, halafu anararua joho lake, ananyoa kichwa, anaanguka chini na kukubali kwamba aliyetoa ndiye aliyechukua. Mhubiri anafunga Biblia. Amina. Chakula kiko tayari nyuma ya nyumba.

Kitabu kina sura 42. Hizo nyingine tunazificha, na nadhani tunajua kwa nini.

Sura ya 3 ikifunguka tu, yule mtu wa subira hayupo tena. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na hata usiku mimba yake ilipotungwa. Hadithi ya kawaida inageuka kuwa shairi, na shairi lenyewe ni kesi. Katika sura ya 7 anamlalamikia Mungu kwa maneno ambayo mtaani yangekuwa: kwani huwezi kugeuza macho kidogo, hata nimeze mate? Katika sura ya 9 anatamani mtu wa kusimama kati yao, aweke mkono juu ya wote wawili, kama mzee anayesuluhisha ugomvi wa shamba. Hampati. Kufikia sura ya 31 amekula kiapo juu ya kila dhambi anayoweza kuifikiria, akaweka sahihi, na kudai mashtaka dhidi yake yaandikwe ayasome. Huyu ndiye tunayemwita mfano wa kuvumilia kimya kimya!

Pwani wana Ayubu mwingine. Kurani inamtaja kwa ufupi, kilio chake ni kifupi, naye anasifiwa kwa subira. Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London miaka ya 1920, unatoka katika mapokeo hayo. Sina ugomvi nao, kwa sababu huo haufichi lolote: unasimulia Ayubu unayemjua. Ugomvi wangu ni na sisi wenye kesi ya sura karibu 30 mkononi, tunaosoma ukurasa wa kwanza na kumwambia mama aliyefiwa asimuulize Mungu maswali.

Halafu kuna wale marafiki. Hebu tuwe wakweli, Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua midomo. Hoja yao ni moja: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi kuna kitu ulifanya. Kinachonitisha ni vile Elifazi anavyobadilika. Mwanzoni ni mpole, anasimulia ndoto iliyomsimamisha nywele usiku. Kufikia sura ya 22 ushahidi umemwishia, kwa hivyo anautunga: ati Ayubu aliwavua maskini nguo, akamnyima maji mwenye kiu, akawafukuza wajane mikono mitupu. Lazima rafiki awe mwovu ili theolojia isimame. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekatika, Elifazi alikuja nyumbani mara tatu, kila mara na jina tofauti. Mara moja alikuja na mafuta ya upako.

(Elihu, anayejitokeza sura ya 32 na kuongea sura 6 nzima, ananichosha. Wataalamu wengi wanadhani aliongezwa baadaye. Mungu akija, hamjibu wala hamtaji.)

Na Mungu akija, jibu lake ni la ajabu kweli. Hataji watoto. Hataji lile dau lake na Shetani ambalo sisi wasomaji tulilishuhudia na Ayubu hakuambiwa. Anazungumza juu ya mvua inayonyesha jangwani pasipo na mtu, punda mwitu, mbuni, tai, na wanyama wawili wakubwa ambao wengine huwasoma kuwa kiboko na mamba. Kama jibu la kesi, hilo ni kukwepa, na sitajifanya limenitosheleza. Lakini alikuja. Wale watatu walikuwa wamezungumza *juu ya* Mungu kurasa nyingi, na Ayubu peke yake ndiye aliyezungumza *naye*. Kwenye sura ya 42 hukumu inatolewa wazi: Mungu amewakasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema yaliyo sawa kama Ayubu alivyosema. Mwenye kelele ndiye anayetakiwa kuwaombea waliomtetea Mungu. Sijawahi kusikia mstari huo ukisomwa makaburini.

Mwisho wenyewe unanisumbua bado. Mifugo inarudi maradufu: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Ndugu na marafiki wa zamani nao wanajitokeza, kila mmoja na kipande cha fedha na pete. Mchango unafika mtu akiwa ameshapona! Watoto hawazidishwi. Ni 10 tena, wavulana 7 na wasichana 3, na wasichana wanatajwa majina na kupewa urithi pamoja na kaka zao. Wale 10 wa kwanza hawana jina hata mmoja. Na mama yao, aliyesema sentensi moja ya hasira katika sura ya 2 na kuitwa mpumbavu kwa ajili yake, hatajwi popote katika mwisho huu. Wa kwanza aliwazika. Hawa wengine, kama ni yeye aliyewazaa, hakuna aliyemuuliza.