Geuza wufa usome mgongo wake

Ukitaka kujua nguvu ya wufa, achana na boksi. Katika maduka ya elektroniki ya Migori au Homa Bay, boksi linaweza kutangaza wati 10,000 za PMPO, ilhali lebo iliyobandikwa nyuma, karibu na waya wa stima, inasema 240V, 50Hz, 45W. Hizo 45 ndizo wati inazovuta kwenye soketi, na hakuna amplifaya inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hukikokotoa kivyake. Namba ya kulinganisha ni ya RMS, yaani wati za mfululizo.

Tena wati zenyewe tunazitukuza mno. Ukiziongeza maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio liisikie imekuwa kubwa mara mbili, utahitaji wati karibu mara 10. Spika ya desibeli 90 kwa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, ikipewa wati 20 inalingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo namshauri atie hata theluthi mbili ya pesa zake kwenye spika, kisha atafute amplifaya ya kawaida inayokubali omu za spika hizo. Ya omu 8 ikibebeshwa spika za omu 4, itachemka.

Kipimo changu ni benga. Katika muziki wa D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa la besi halitulii. Linakimbia chini ya gitaa la solo na kulijibu. Uzi wake mnene hutetema mara 41 kwa sekunde. Wufa nyingi za bei nafuu hazishuki hadi huko: kasha lake huvuma kwa masafa yake yenyewe, na noti zote za besi zinageuka mngurumo mmoja. Mwambie muuzaji arudishe kitufe cha besi katikati, sauti iwe ya wastani, kisha ufuatilize besi peke yake. Ukishindwa kuiimba kwa mdomo, omba ujaribishiwe nyingine.

Spika za mitumba kutoka Uingereza mara nyingi huzishinda mpya za bei hiyohiyo, ila zikague. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili: ikikwaruza, koili imeharibika. Sponji inayoizunguka koni ikimeguka kwa kucha, hesabu gharama ya fundi. Multimita ikisoma kama omu 6 kwenye spika ya omu 8, usishtuke, ni kawaida.

Nyumba ya mabati bila silingi, yenye sakafu ya simenti, hurudisha sauti kwa ukali. Zulia na mapazia mazito husaidia, na wufa iliyotolewa pembeni mwa chumba hupunguza kuvuma, bila gharama.

Anayetegemea sola achague amplifaya ya daraja la D, kwa kuwa hupoteza umeme kidogo kama joto. Betri ya volti 12, bila kipandisha volti, haisukumi zaidi ya wati 18 hivi kwenye spika ya omu 4, hata redio ya gari iandikwe 50. Kwa spika ya desibeli 90, wati hizo zinatosha sebule.