Kimya na Vipimo Vyake

Kimya ni usemi usiotamkwa, na kila jamii ina tafsiri yake. Mkubwa wa kazi huuliza, "Mmekubali?" na wadogo wake wasijibu. Mahali pamoja kutojibu huko ni ridhaa, mahali pengine ni heshima, na mahali pengine ni upinzani uliofungwa mdomo. Kwa kuwa watu wa mataifa mbalimbali hukutana kazini, wametokea wataalamu waliotaka kutupa vipimo vya tofauti hizo. Nitawapima watatu, maana mpimaji naye hustahili kupimwa.

Wa kwanza ni Edward T. Hall wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alifundisha watumishi wa serikali yake waliokuwa wakitumwa ng'ambo. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 alieleza namna mbili za mazungumzo. Katika namna moja, maana kubwa imo ndani ya maneno yenyewe. Katika namna ya pili, maana imo katika mazingira ya maneno: nani asema, mbele ya nani, na kwa ishara gani. Wajerumani aliwaweka upande wa kwanza, Wajapani upande wa pili. Sifa ya Hall ni sikio lake, kwani alitufundisha kuwa lisilosemwa nalo ni habari. Upungufu wake ni kwamba alieleza kuliko alivyopima.

Wa pili, Geert Hofstede, Mholanzi, alipima. Alichambua hojaji zaidi ya laki moja zilizojazwa na watumishi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, akatoa kitabu chake mwaka 1980. Kipimo chake mashuhuri ni umbali wa mamlaka, yaani kadiri wadogo wanavyoona kuwa ni kawaida wakubwa kuwapita kwa uwezo. Katika orodha zake Austria ilipata 11 na Malaysia 104. Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia zilitiwa katika kapu moja, likaitwa Afrika Mashariki, likapewa 64. Je, karani wa Lusaka na karani wa Addis Ababa humcha mkubwa wao kwa namba moja? Tena, je, watumishi wa kampuni moja waweza kuwa mashahidi wa taifa zima? Mwaka 2002 Brendan McSweeney alimkosoa kwa hoja hiyo, na ukosoaji wake una uzito. Lakini tumtendee haki Hofstede: yeye mwenyewe alionya kuwa namba zake ni za jamii, wala si za mtu mmoja mmoja. Wengi tumeshika namba, tukaliacha onyo.

Wa tatu ni Erin Meyer, Mmarekani afundishaye Ufaransa, ambaye kitabu chake cha mwaka 2014 kina mizani minane. Ubora wake ni kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: namna ya kumheshimu mkubwa na namna ya kukata shauri. Japani ni mfano wake mzuri. Huko mkubwa huheshimiwa sana, lakini katika makampuni mengi shauri huanzia chini, likapanda ngazi kwa ngazi huku kila mhusika akilitia muhuri wa kukubali, hata limfikie mkubwa likiwa limekwisha iva. Kumbe heshima na ushauri hukaa nyumba moja. Hata hivyo Meyer hutegemea sana visa vya wafanyakazi wa makampuni makubwa, na Afrika huonekana kwake kwa nadra.

Nami nina ushahidi wangu, wala haunipi sifa. Mwaka mmoja chuoni niliwatangazia wanafunzi wangu shule watakazokwenda kufanyia mazoezi ya kufundisha, nikauliza kama kuna mwenye neno. Hapakuwa na jibu. Nilikuwa nimemsoma Hofstede karibuni, nikajiambia: huu ndio umbali wa mamlaka, wananiheshimu. Juma la kwanza la mazoezi wawili hawakufika shuleni. Nilipomwita kila mmoja peke yake, alinijibu bila woga: hakuwa na nauli, na aliona haya kuutaja ufukara wake mbele ya wenzake. Kimya kile hakikunihusu mimi hata kidogo. Kitabu kilinipa jibu kabla sijauliza swali.

Basi hukumu yangu ni hii. Hall atufundisha kusikiliza, Hofstede kulinganisha, na Meyer kupambanua. Kila mmoja afaa, na hapana atoshaye. Vipimo vyao ni taa ya kumwendea mtu, si hakimu wa kumhukumu kabla hajafika. Nawe msomaji, utakapopewa uongozi, hata wa bweni, ukakuta kimya mbele yako, usiikimbilie namba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kuwa kwa kiongozi, kutouliza ni dhuluma.