Kabureta Hushtakiwa Mwisho

Dereva wa pikipiki anayetoka Kindu, mkoani Maniema, kwenda Kama huanza safari yake juu ya maji. Hakuna daraja la mto Lualaba pale Kindu, kwa hiyo pikipiki hupakiwa mtumbwini na kuvushwa hadi Alunguli, ng'ambo ya mashariki, na kutoka hapo inaelekea nchi ya Warega, eneo la Pangi. Mbele yake kuna udongo mwekundu, msitu, madimbwi yasiyokauka upesi na vijito vya kuvuka juu ya magogo. Mashine ya cc 125 iliyoundwa kubeba watu wawili inabeba watatu na gunia la mchele. Ikianza kupoteza nguvu katikati ya njia hiyo, tegemeo ni fundi aliyeketi chini ya turubai na sanduku lake la spana. Nimewatazama mafundi hawa kwa muda mrefu, na naamini ufundi wao haujapewa heshima inayoustahili.

Mteja hufika na hukumu mdomoni. "Yaya, kabureta imekufa, unisafishie." Fundi hodari hapokei hukumu hiyo. Anafuta mikono, anaanza kuuliza. Ilianza ghafla au polepole? Inachoka ikiwa ya baridi, au ikishapata moto? Inakohoa mlimani tu, au hata ikinguruma pale pale imesimama? Mvua ilikunyeshea? Esansi (petroli) ya mwisho ulinunua wapi? Kila jibu linafuta sababu kadhaa kabla boliti hata moja haijaguswa, na ndiyo maana fundi wa aina hii haoni haya kuonekana hafanyi kitu.

Kisha anainua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono. Ni mara nyingi mno injini imelaumiwa kwa sababu ya breki iliyong'ang'ania au mnyororo uliokazwa kupita kiasi. Gurudumu likiwa huru, anaipanda mwenyewe. Sauti ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza, na kabureta haina kesi.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa, nacho huzibwa na tope. Esansi hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu. Hewa isipoingia kuchukua nafasi yake, mtiririko hudhoofika hadi ukakatika. Pikipiki inakwenda vizuri kilomita chache, inafifia, inazima. Dereva anapumzika kivulini, hewa inapenya taratibu, naye akipiga kiki inawaka. Anasema ina mashetani. Fundi anangoja izime mbele yake, halafu anafungua kifuniko. Hewa inavutwa ndani kwa mluzi mwembamba, injini inawaka papo hapo. Anazibua kitundu kwa waya, na kazi imekwisha. Mtu mwingine angemuuzia yule dereva kabureta mpya.

Baada ya hapo ni zamu ya mafuta yenyewe. Esansi inayouzwa kwa chupa kando ya barabara, kwa wale wanaoitwa kadafi, imepita mikono mingi kabla ya kufika Maniema. Fundi analegeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta na kukinga kinachotoka kwenye chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hutulia chini na mpaka wake huonekana kwa macho. Tone moja anaweka juu ya karatasi: esansi safi hukauka bila alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Maabara nzima ni chupa na kipande cha daftari, na majibu yake ni ya kuaminika.

Buji, yaani plagi, hueleza mengi kwa anayejua kuisoma. Ncha yenye rangi ya udongo mkavu ni dalili njema. Masizi meusi makavu maana yake mafuta yamezidi hewa. Weupe wa chokaa maana yake hewa imezidi mafuta, na injini inaungua. Ikiwa imelowa oili, tazama ringi za pistoni au sili za vali. Lakini fundi makini haisomi buji ya injini iliyonguruma muda mrefu bila kazi, kwa kuwa hiyo itakuwa na masizi hata ikiwa nzima. Anaipandisha mlima kwa mafuta kamili, anazima papo hapo juu ya mlima, ndipo anaifungua.

Halafu vali. Hapa ndipo namtenganisha fundi na mbadilishaji wa vipuri. Pikipiki inayowaka asubuhi kwa kiki moja, kisha ikakataa mchana abiria akiwa amepanda, mara nyingi nafasi ya vali zake imebana. Vali huzama kidogo kidogo katika kiti chake kadiri miezi inavyopita, na nafasi iliyoachwa hupungua. Chuma kikipata moto kinarefuka, vali haifungi kabisa, kompresheni inavuja. Nafasi inayotakiwa katika injini hizi ndogo kwa kawaida ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, nayo hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa na pistoni ikiwa juu, vali zote mbili zimefunga. Fundi asiye na subira huipima ikiwa bado ya moto, na kesho mteja anarudi. Yule ninayemsifu humwambia mteja aiache mpaka kesho asubuhi.

Mpaka hapa kabureta haijafunguliwa. Ikifika zamu yake, inafunguliwa kwa adabu. Ni kifaa cha werevu mkubwa. Mwaka 1797 Mwitalia Giovanni Battista Venturi alichapisha uchunguzi wake kuhusu mtiririko katika bomba lililobanwa katikati. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach aliunda kabureta ya kunyunyiza mafuta. Hewa ikipita penye wembamba inaongeza mwendo, shinikizo lake linashuka, esansi inanyonywa kupitia kitundu kiitwacho jeti na kuwa ukungu. Kwa kila gramu 1 ya esansi, kuungua kikamilifu kunadai gramu 14.7 hivi za hewa, na mizani hiyo inashikwa na vitundu vichache na sindano moja.

Vitundu hivyo havifanyi kazi pamoja. Mkono wa mafuta ukiwa karibu umefungwa, jeti ndogo ndiyo inayotawala. Katikati ni sindano. Ukiwa umevutwa wote ni jeti kuu. Kwa hiyo fundi anabandika kipande cha plasta kwenye mkono wa mafuta, anachora alama, anaendesha na kuangalia inakohoa penye alama ipi. Akirudi anajua afungue nini. Jeti ndogo ina tundu lisilofika nusu milimita, nayo ni ya shaba ya manjano, laini. Kuizibua kwa sindano ya chuma huipanua na kuiharibu kwa siku zote, ndiyo maana yeye hutumia uzi mmoja wa waya wa umeme, kisha pampu ya baiskeli. Hukagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini kwa kuumwagia maji ya sabuni: mngurumo ukibadilika, kuna ufa. Na kichujio cha hewa kilichobadilishwa na sponji la godoro atakirudisha, maana jeti haiwezi kurekebisha hewa ya vumbi.

India, zinakotoka pikipiki nyingi za TVS na Boxer za Maniema, ilianza kutumia kanuni ya moshi ya BS6 Aprili 2020, na viwanda vingi huko vikaacha kabureta. Pikipiki zilizopo kwenye barabara za Pangi bado zinazo, na zitadumu nazo miaka mingi.

Basi wewe dereva, ukimfikia fundi usimwagize asafishe kabureta. Mweleze ilianza lini, penye mlima au tambarare, na mafuta ulinunua wapi. Akikuambia uiache ipoe mpaka asubuhi, iache. Na akiiponya kwa kuzibua kitundu cha kifuniko tu, mlipe kazi yake kamili.