Kitabu cha Tippu Tip na Mapatano Yetu

Wengi wetu wa Kasongo na Kabambare tumesikia habari za Tippu Tip kwa wazee. Wachache wameyasoma maneno yake mwenyewe. Kitabu chake, Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, kilipigwa chapa kwanza mwaka 1902 na 1903. Naye akafa Unguja mwaka 1905. Yafaa tukipime, maana kule Salamabila kila mpenda amani anauliza: je, maneno yaweza kushinda bunduki?

Kwanza tukisifu. Kiswahili chake ni safi na sentensi zake ni fupi. Msomaji huiona safari yenyewe.

Lakini mna sauti moja tu. Pembe za ndovu zapimwa kwa frasila. Mama aliyechomewa kijiji hapewi neno.

Tena, alipofika Utetera hakuanza kwa bunduki. Alidai kuwa ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wa mtemi, aliyetekwa zamani. Mtemi Kasongo Rushie akamwachia utawala. Mtu atasema: tazama, mazungumzo yameshinda silaha! Sisi hatukubali. Maneno yale yalikuwa mtego. Mazungumzo yasiyo na kweli ni bunduki iliyofunikwa kitambaa.

Hatusemi haya kuwashutumu ndugu zetu Waislamu, ambao ni jirani zetu na damu yetu. Twasema kwa ajili yetu sote. Salamabila, dhahabu ya Namoya imeshika mahali pa pembe. Mapigano ya jeshi na Mai-Mai yaliwakimbiza watu makwao, na mwaka 2019 kampuni iliyochimba dhahabu ile ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama kuharibika. Kila upande huhesabu hasara zake tu. Wakikutana ili msemaji hodari ashinde, watakuwa wanakiandika upya kitabu kile kile. Sharti mjane aseme, mkimbizi aseme, hata kijana aliyeshika silaha aseme. Na wengine wasikilize mpaka mwisho.

Bwana wetu Yesu Kristu alifundisha ya kuwa mtu mwenye neno na ndugu yake aiache sadaka yake altareni, aende kwanza kupatana naye. Hakusema aende kumshinda.

Njia hii ni ndefu, na mwenye bunduki ataicheka. Basi na akumbuke: bunduki zilizoukuza mji wa Kasongo hazikuulinda. Mwaka 1893 bunduki nyingine, za dola ya Mfalme Leopold, ziliuteka.

Kisomeni kitabu hiki, wasomaji, mkiuliza katika kila ukurasa: ni nani hapa hakupewa neno? Kisha mkaulize hivyo hivyo katika baraza la kijiji chenu.