Joto la Port Reitz ndani ya jedwali la injini

Saa nane mchana mwezi wa Machi, lami ya uwanja wa ndege wa Moi pale Port Reitz huchezacheza machoni kwa joto. Boeing 737-800 iliyojipanga kwenye njia ya 03 ina mita 3,350 mbele yake, iko futi 200 tu juu ya bahari, na hewa inayovutwa na injini zake ina nyuzi 31. Rubani akitaka kujua injini hizo zitasukuma kwa nguvu gani, hufungua majedwali ya ndege yake. Anayeunda ndege ya simuleta kwenye kompyuta yake huko Changamwe au Kisauni hana pa kufungua: jedwali ni lazima aliandike mwenyewe. Na Mombasa ni mahali pazuri pa kumuumbua akiliandika ovyo.

Tuangalie kwanza jinsi kazi ilivyofanywa. FlightGear, simuleta isiyolipiwa, huiachia programu ya JSBSim hesabu ya kani zote zinazoisukuma na kuivuta ndege. JSBSim ilianzishwa na Jon Berndt mwaka 1996, na sehemu yake ya injini za jeti iliandikwa na David Culp mwaka 2003. Culp hakujaribu kuiga kila pangaboi lililomo ndani ya injini. Alichukua namba moja, yaani msukumo wa juu kabisa ndege ikiwa imesimama usawa wa bahari, halafu akaacha jedwali liipunguze kulingana na hali. Kwa CFM56-7B26, moja ya matoleo ya injini yanayofungwa kwenye 737-800, namba hiyo ni paundi 26,300.

Jedwali lina pande mbili. Upande mmoja ni kasi ya ndege kwa kipimo cha Mach. Upande wa pili ni mwinuko wa msongamano: hewa ya leo ni nyepesi kama hewa ya futi ngapi siku ya kawaida? Hewa ikipata joto hutanuka, na hewa iliyotanuka huwa nyepesi kama ya mlimani. Kila nyuzi moja inayozidi kawaida huongeza karibu futi 120. Kawaida ya usawa wa bahari ni nyuzi 15, kwa hiyo Port Reitz yenye nyuzi 31 huhesabiwa kama kiwanja kilicho futi 2,150. Uwanja wa Embakasi jijini Nairobi, ulio futi 5,330, ukifika nyuzi 25 mchana huhesabiwa kama futi 7,800.

Aeromatic, kifaa kinachomwandalia mwanafunzi wa JSBSim faili ya kuanzia, hutoa jedwali ambalo ndege ikiwa imesimama lina 1.00 kwenye futi 0 na 0.74 kwenye futi 10,000. Katikati, programu hukadiria kwa mstari ulionyooka. Piga hesabu: Port Reitz inapata 0.944, Embakasi 0.797. Yaani kwa mujibu wa jedwali, injini ya paundi 26,300 inasukuma takriban paundi 24,800 Mombasa na 21,000 Nairobi.

Namba ya Nairobi inakaribia ukweli. Ya Mombasa haikaribii, na sababu yake iko kwenye namna injini yenyewe inavyotawaliwa.

Injini ya kisasa ya ndege ya abiria haiachwi itoe kila nguvu iliyo nayo. Hewa ikiwa ya baridi ingeweza kusukuma zaidi ya kile kilichoidhinishwa, ikajichosha bure, kwa hiyo kompyuta yake huizuia kwenye msukumo uliotajwa. Joto likipanda, kompyuta huizungusha injini haraka zaidi ili msukumo ubaki palepale. Hali hiyo huendelea mpaka nyuzi 15 juu ya kawaida, yaani nyuzi 30 kwenye usawa wa bahari. Hapo ndipo penye kona. Ukivuka nyuzi 30, kinachotawala ni joto la ndani ya tabo (turbini), na msukumo huanza kushuka.

Sasa itazame hali ya hewa ya Mombasa. Mwezi wa Julai, wakati wa kusi, mchana huwa karibu nyuzi 28. Februari na Machi hufika 32 au 33. Mwaka mzima uwanja wa Port Reitz unaizunguka kona hiyo, mara upande huu, mara upande ule. Jedwali linalohesabu kila nyuzi ya joto kama mwinuko halioni kona yoyote. Linaanza kuikata injini tangu nyuzi 15, wakati injini halisi bado haijapoteza kitu.

Muundaji anayejaribu ndege yake Mombasa pekee ataona inakimbia kivivu kuliko ilivyoandikwa vitabuni. Dawa ya haraka ni kuinua namba ya kwanza: badala ya 26,300 anaandika 27,350, asilimia 4 zaidi. Port Reitz inanyooka mara moja. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia Embakasi, ambako msukumo uliokuwa karibu sawa sasa umezidi kwa kama asilimia 2. Ni kidogo? Ndege ya injini mbili ikipoteza moja baada ya kupaa na kukunja magurudumu, sheria inaitaka ipande kwa angalau asilimia 2.4 ya umbali inaokwenda mbele. Kwenye ndege ya tani 70, asilimia 2 ya msukumo wa injini iliyobaki ni karibu robo ya asilimia ya mpando. Sehemu moja kwa kumi ya kile ambacho sheria inadai imetoka kwenye kalamu ya muundaji.

Tiba ya kweli ni kulitenganisha jambo moja kuwa mawili. JSBSim inaruhusu msukumo uwe zao la majedwali zaidi ya moja. La kwanza lisomwe kwa mwinuko wa shinikizo la hewa, usiojali joto: Port Reitz 0.995, Embakasi 0.861. La pili lisomwe kwa joto lililozidi kawaida: 1.00 mpaka nyuzi 15, kisha lishuke. Tukichukua makadirio ya asilimia 1 kwa kila nyuzi, Port Reitz yenye nyuzi 31 inapata 0.98 hivi, Embakasi 0.81. Namba ya 26,300 haikuguswa, na viwanja vyote viwili vimekaa sawa.

Kuna pengo jingine ambalo majedwali hayo hayalizibi. Katika msimbo wa Culp, mzunguko wa feni unafuata mkono wa nguvu peke yake. Rubani wa kweli anajua kuwa msukumo uleule unadai feni izunguke haraka zaidi siku ya joto. Kipimo cha feni kwenye simuleta kitamwonyesha namba ileile, iwe Machi au Julai.

Upande wa kasi nao una mtego. Msukumo ni wingi wa hewa ukizidishwa kwa kasi inayoongezewa. Injini yenye feni kubwa huvuta hewa nyingi na kuiongezea kasi kidogo, kwa hiyo mwendo wa ndege wenyewe hula sehemu kubwa ya faida. Ikiwa hewa inatoka kwa mita 300 kwa sekunde na ndege inakimbia mita 70, karibu robo ya nyongeza imekwisha. Ingekuwa inatoka kwa mita 600, ni kama asilimia 12 tu. Jedwali la Aeromatic linatoa upungufu usiofika asilimia 7 ifikapo Mach 0.2. Injini za aina ya CFM56-7B hupoteza zaidi ya maradufu ya hapo, hata ukihesabu hewa ya ziada inayosukumwa ndani na mwendo.

Mwisho ni ucheleweshaji. Nahodha wa feri ya Likoni hangoji mkondo umsukume ndipo aongeze moto. Huongeza mapema, kwa kuwa anajua chombo hujibu baadaye. Jeti iko vivyo hivyo. Ikiwa inashuka na injini ziko chini kabisa, sheria hupima uwezo wake wa kupanda tena kwa msukumo uliopatikana sekunde 8 tangu mkono usukumwe. Na JSBSim hukadiria msukumo kwa mraba wa mzunguko: nusu ya safari ya mzunguko hutoa robo tu ya nguvu iliyobaki. Sehemu hii Culp aliipatia vizuri, na haifai kuharakishwa ili ndege ionekane nyepesi mkononi.

Anayeunda ndege aifungue Port Reitz saa nane mchana, aifungue tena Julai, kisha aende Embakasi. Ikimlazimu kubadilisha namba ya kwanza kila anapohama kiwanja, kosa liko kwenye jedwali lake.