Uanaume na Uanamke katika Tawasifu ya Donna Williams

Kila mtu huzaliwa na mwili, lakini hapana azaliwaye na mwendo. Mwendo hufundishwa. Mtoto wa kiume huambiwa asilie, na wa kike huambiwa akae vizuri. Na wote wawili hujifunza kwa kutazama zaidi ya kuambiwa. Mafunzo haya huingia moyoni polepole hata mwenye kufunzwa akadhani kwamba alizaliwa nayo. Je, huwaje kwa mtu ambaye mafunzo hayo hayamwingii? Ni vitabu vichache vinavyolijibu swali hili kwa unyofu kama tawasifu ya Donna Williams, Nobody Nowhere, iliyotoka mwaka 1992.

Williams alizaliwa Australia mwaka 1963 akafariki mwaka 2017. Alikuwa na usonji, hali ya kuzaliwa nayo ambayo humfanya mtu apokee sauti, nyuso na maneno ya wenzake kwa njia isiyo ya wengi. Hakulijua jina la hali yake mpaka alipokuwa mtu mzima. Alipokuwa mtoto aliitwa kiziwi, akaitwa mwenda wazimu, na majina yote hayo hayakumkaa. Katika upweke huo akajitengenezea watu wawili wa kumwakilisha mbele ya ulimwengu: mmoja mvulana, jina lake Willie, na mmoja msichana, jina lake Carol.

Willie alikuja kwanza. Katika giza la chumba mtoto aliona macho ya kijani yakimtazama. Akayaogopa, kisha akayafanya yake. Willie hukunja ngumi, hupiga mguu chini kwa kishindo, hutazama watu kwa chuki, na baadaye hujaza kichwa maarifa ili asishindwe na mtu. Yeye ni mlinzi. Carol asili yake ni msichana wa kweli ambaye Donna alikutana naye bustanini. Walionana muda mfupi tu. Baadaye mtoto akamtafuta ndani ya kioo, na mwisho akamvaa kama mtu avaavyo kanga. Carol hucheka, huigiza, hupendeza wageni. Yeye ni mkaribishaji. Ulimwengu ulitaka nguvu, naye akaupa Willie. Ulitaka tabasamu, naye akaupa Carol. Donna mwenyewe alibaki nyuma ya wote wawili, asionekane.

Hapa msomaji mwenye haraka hujikwaa. Huweza kusema kwamba Willie ni ushahidi wa mwanamke aliyetamani kuwa mwanamume. Kitabu hakisemi hivyo. Willie si tamaa, ni ngao. Na Carol, aliye msichana kama mwandishi, si karibu zaidi na nafsi yake kuliko Willie. Jambo hili ndilo kiini cha kitabu, ingawa mwandishi halitangazi. Uanamke wa Carol ni wa kuigwa sawasawa na uanaume wa Willie. Palikuwa na nguo mbili tu dukani, na mnunuzi alizivaa zote mbili kwa zamu kwa sababu hakuruhusiwa kupita njiani bila ya nguo.

Wataalamu nao wamejikwaa papo hapo. Leo Kanner alipoandika juu ya watoto 11 mwaka 1943, 8 walikuwa wavulana na 3 wasichana. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliifananisha hulka hii na akili ya kiume iliyopita kiasi, na mwaka 2002 Simon Baron-Cohen aliifanya fikira kama hiyo kuwa nadharia kamili. Nadharia hiyo ina hoja zake, lakini haina mahali pa kumweka Carol. Tena utafiti uliofanywa Uswidi ukatolewa mwaka 2012 uliona kwa watu wazima wenye usonji, wake kwa waume, dalili za kuelekea katikati, si za kuelekea upande mmoja. Na mwaka 2020 uchunguzi wa watu zaidi ya 600,000 ulionyesha kwamba wale ambao jinsia ya nafsi zao haikuafikiana na ile waliyoandikiwa walipozaliwa walikuwa na usonji kati ya mara 3 na 6 kuliko wengine. Hesabu hizi zasema kwamba jambo lipo. Hazisemi lina ladha gani kinywani mwa mwenye kulionja. Kazi hiyo ni ya fasihi.

Ama fasihi ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuigusa habari ya mtu mwenye uanaume na uanamke pamoja. Katika riwaya ya Virginia Woolf, Orlando, ya mwaka 1928, kijana mwungwana huamka siku moja katika mji wa Constantinople naye ni mwanamke, na maisha yake hupita karne kadhaa. Mwaka uliofuata, katika A Room of One's Own, Woolf alilichukua wazo la Coleridge kwamba akili kubwa ina jinsia zote mbili ndani yake. Kwa Woolf, basi, hali hii ni utimilifu: mito miwili imekutana, na maji yamekuwa mengi. Kwa Williams hapana kukutana. Mto huu umepita kulia na ule umepita kushoto, naye amesimama juu ya kisiwa. Orlando hubadilika asipoteze usingizi. Donna kila badiliko humla nguvu. Tofauti hii yapasa kushikwa vizuri, maana wahakiki hupenda kumsifu mtu wa usonji kama malaika asiye na jinsia, na sifa hiyo humficha tena kama Carol alivyomficha.

Msomaji wa Kiswahili ana faida mbili mbele ya kitabu hiki. Ya kwanza ni sarufi. Kiingereza humlazimisha msemaji achague kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke. Kiswahili husema yeye, kikanyamaza. Ya pili ni mila. Mahali ambapo mwari alikuwa na kungwi au somo wake, na kijana alipelekwa jandoni, hapana aliyedai kwamba mwenendo wa mke na wa mume huota wenyewe kama nywele. Ulifundishwa, na mwalimu alijulikana kwa jina. Walakini faida si ushindi. Lugha isiyobagua katika kiwakilishi yaweza kubagua katika jicho. Na neno la zamani, huntha, ni habari ya mwili, halielezi habari ya moyo inayosimuliwa hapa.

Mfano wa pili wahitajiwa ili wa kwanza usifanywe sheria. Mwaka 1998 kilitoka kitabu Life Behind Glass kwa jina la Wendy Lawson, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Australia, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa na ugonjwa wa akili ambao hakuwa nao kabla ya usonji wake kutambuliwa. Baadaye mwandishi huyo alijitambua kuwa mwanamume, akaitwa Wenn, na mwaka 2017 akatoa kitabu juu ya safari hiyo pamoja na mkewe Beatrice. Williams, katika kitabu chake cha pili, Somebody Somewhere, cha mwaka 1994, aliwaaga Willie na Carol wote wawili. Mmoja alifika upande mmoja. Mwingine alizivua nguo zote mbili. Usonji ni mmoja, njia ni mbili, na hapana mwenye haki ya kuifuta njia ya huyu kwa kuitaja ya yule.

Nobody Nowhere kina dosari zake. Mwishoni mwandishi hufafanua maana za vitendo ambavyo hadithi ilikuwa imekwisha kuvionyesha, na watu wa pembeni hupita kama vivuli. Lakini vivuli hivyo ndivyo alivyoviona.

Lililo kubwa ni swali la ushahidi. Mara nyingi mtu mwenye usonji asemapo jinsi anavyojiona nafsini mwake, hujibiwa kwamba huo ni usonji unaosema, si yeye. Jibu hilo lina sura ya huruma, nalo ni dhuluma. Maana mtu huyo hana kinywa kingine. Aliyejifunza mwendo bila ya kujua kwamba anajifunza hana sababu ya kuutazama. Aliyelazimika kuunakili hatua kwa hatua, jioni kwa asubuhi, anazijua nyuzi zake na mishono yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Williams alilala juu yake, na kwa Willie alilala chini yake pia, akaandika aliyoyaona. Yapasa asomwe kama shahidi kwanza. Mambo ya kumpima yatafuata.